Chapa ya Sabuni: Lugha ya Matangazo Kutoka Port Sunlight Hadi Lumbadzi

Utangulizi

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa zama zetu nao wana usemi wao: biashara matangazo. Semi hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja bila ugomvi. Wa kwanza unamshauri muuzaji atulie, kwani bidhaa nzuri itajisemea. Wa pili unamtaka apaze sauti kabla jirani yake hajapaza. Ukitafuta bidhaa iliyoupa ushindi usemi wa pili, hutakwenda mbali: ni sabuni.

Sabuni ya kufulia, kwa asili yake, ni mafuta au shahamu iliyochemshwa pamoja na magadi makali. Kipande cha kiwanda hiki na kipande cha kiwanda kile hutofautiana kidogo tu. Kinachomfanya mnunuzi anyooshe kidole kwenye rafu na kusema "nipe ile" ni jina, rangi ya karatasi, na maneno aliyoyasikia redioni. Kwa maneno mengine, ni lugha. Ndiyo maana suala hili linatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili, wala si la wachumi peke yao.

Makala haya yanahakiki lugha hiyo ya chapa na matangazo ya sabuni na vitu vingine vya usafi wa nyumbani. Mahali tulipopachagua kuwa kipimo ni Lumbadzi, kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu ya M1 kaskazini mwa Lilongwe, nchini Malawi, pamoja na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iliyo katika wilaya jirani ya Dowa. Huko Kiswahili hakina cheo cha lugha ya taifa. Kinaishi kwa nguvu ya watu wanaokisema, hasa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Mahali kama hapo panaonyesha vizuri zaidi lugha ya chapa inamhudumia nani na inamwacha nani.

Chapa na kuchapa

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Mswahili, chapa ni alama: alama ya ng'ombe, alama ya mhuri, alama ya kiwanda juu ya bidhaa. Neno hilo lilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi, na kitenzi chake, kuchapa, kina maana ya kupiga na pia ya kutia maandishi katika karatasi. Kwa Mchewa, kuchapa ni kufua nguo. Basi mwanafunzi kutoka Bukavu anayefika Lumbadzi na kumsikia mwenyeji akisema habari za kuchapa zovala anaweza kudhani kuna nguo zinazopigwa au kutiwa nakshi, kumbe zinafuliwa.

Maneno haya mawili yamekutana kwa sura tu. Hata hivyo yanafaa kuwekwa pamoja kwa sababu yanataja pande mbili za jambo moja. Upande mmoja ni alama iliyo juu ya pakiti. Upande wa pili ni mikono, beseni, maji na jua. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa zaidi ya karne moja, matangazo yamekuwa yakiikuza chapa kwa kuificha kazi ya kuchapa.

Jina juu ya kipande

Si kweli kwamba chapa ililetwa Afrika Mashariki na viwanda vya sabuni. Soko la Waswahili lilikuwa na majina ya bidhaa tangu karne ya 19. Kitambaa cha pamba kilichotoka Massachusetts kiliitwa merikani, na jina hilo lilitosha kuwa dhamana ya ubora toka Zanzibar hadi bara. Kanga nazo zilikuja na alama zao. Maneno "Mali ya Abdulla" ya wafanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa ni chapa iliyotungwa kwa Kiswahili safi, na wanawake wengi waliitafuta pindoni kabla ya kuuliza bei. Chapa hizo zilieleza kitu: kitambaa kimetoka wapi, au mali ni ya nani.

Chapa ya sabuni ilifuata njia nyingine. Kabla ya miaka ya 1880, duka la Uingereza liliuza sabuni kwa kukata kutoka mche mrefu na kupima kwa mizani. Mnunuzi alimwamini mwenye duka, na kiwanda hakujali kukijua. Mwaka 1884 William Hesketh Lever alisajili jina Sunlight, kisha akauza vipande vilivyokwisha kukatwa na kufungwa katika karatasi yenye jina hilo. Mwaka 1888 alianza kujenga mji wa kiwanda, Port Sunlight, karibu na Liverpool. Vikafuata Lifebuoy katika miaka ya 1890, Lux mwaka 1900 na Vim mwaka 1904. Jina Sunlight, lenye maana ya mwanga wa jua, halisemi sabuni imetoka wapi wala ni ya nani. Linaahidi hali. Hapo ndipo chapa ilipoacha kutambulisha ikaanza kutongoza.

Mafuta ya kutengenezea sabuni nayo yalihitaji mahali pa kutoka. Mwaka 1911 Lever alipata mkataba na serikali ya Ubelgiji, akaanzisha kampuni ya Huileries du Congo Belge. Makao yake makubwa yaliitwa Leverville, mahali panapoitwa leo Lusanga, katika nchi ya Kwilu. Watu walishurutishwa kukata michikichi kwa ujira mdogo, na mateso ya mfumo huo yalikuwa miongoni mwa sababu za uasi wa Wapende mwaka 1931. Mkongo alipanda mchikichi akashusha mkungu; mafuta yakavuka bahari; yakageuka kipande chenye jina la mwanga wa jua. Katika tangazo la kipande hicho huoni mpanda mchikichi. Huyo ndiye mfanyakazi wa kwanza kufichwa, naye hakuwa wa mwisho.

Matangazo ya wakati huo yaliongeza dhambi nyingine. Mwaka 1899 sabuni ya Pears ilitangazwa Marekani kwa picha ya kapteni wa meli akinawa mikono, na maneno yaliyodai kwamba kufundisha fadhila za usafi ni hatua ya kwanza ya kuupunguza "mzigo wa mtu mweupe". Weupe wa nguo ukachanganywa na weupe wa ngozi, na uchafu ukapewa rangi ya Mwafrika. Mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu chake Lifebuoy Men, Lux Women cha mwaka 1996, ameonyesha jinsi biashara hii ilivyoendeshwa nchini Zimbabwe, jirani ya Malawi kwa historia. Kichwa cha kitabu kinatosha kueleza mgawanyo uliotengenezwa: Lifebuoy iwe ya wanaume, Lux iwe ya wanawake.

Bundi aliyesahauliwa

Majina hayo yalipoingia katika Kiswahili, hayakubaki kama yalivyoagizwa. Mfano mzuri ni Omo. Jina lilisajiliwa mwaka 1908, na inasimuliwa kuwa ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Mama Bundi Mzee. Pakiti za mwanzo zilikuwa na picha ya ndege huyo, herufi mbili za O zikiwa macho yake. Kwa Mwingereza, bundi ni mfano wa hekima. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki na Kati, bundi akilia juu ya paa huleta hofu ya msiba. Kama ndege huyo angebaki kwenye pakiti, ni shida kuamini kwamba mama mwenye nyumba angemkaribisha jikoni. Bundi akaruka, jina likabaki tupu, na wasemaji wakalijaza kwa maana yao: unga wowote wa kufulia. Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo utawasikia watu wakiomba "omo" kisha wakachukua pakiti yenye jina jingine kabisa bila kuona kasoro.

Huo ni ushindi mdogo wa wasemaji dhidi ya wenye kiwanda. Mwenye kiwanda alinunua jina liwe lake peke yake. Wasemaji wakalifanya nomino ya kawaida, wakaipa ngeli na kuitumia bila kuomba ruhusa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Vim, ambayo wengine huitamka "vimu", na kwa Jik ya kampuni ya Reckitt, ambayo kwa wengi ni dawa yoyote ya kung'arisha nguo nyeupe. Mwalimu wa sarufi anaweza kuwauliza wanafunzi kwa nini "vimu" haijawahi kuchukuliwa kuwa wingi wa "kimu", wakati Kiswahili kilikigeuza "kitabu" cha Kiarabu kikapata wingi "vitabu". Jibu litawafundisha mengi kuhusu vitu vinavyohesabika na visivyohesabika.

Upande wa pili kuna majina yaliyotungwa kwa lugha zetu. Kenya kuna vipande vinavyoitwa Jamaa, Ushindi na Ndume. Uganda kuna Mukwano, yaani rafiki kwa Kiganda. Haya hayakuja matupu. Jamaa ni jina zuri kwa kipande ambacho katika nyumba nyingi huogesha watoto asubuhi, huosha vyombo mchana na kufua sare jioni. Ushindi linaifanya kazi ya kila siku kuwa vita. Ndume linastaajabisha zaidi: kazi ambayo matangazo yamewabebesha wanawake imepewa jina la uume ili ionekane ina nguvu. Mhakiki hana haja ya kukasirika, lakini hana budi kuliona hilo.

Sarufi ya povu

Tuangalie sasa sentensi za matangazo yenyewe. Msomaji yeyote amekwisha kusikia za aina hii: huondoa madoa sugu, hung'arisha nguo zako, hulainisha mikono, huacha harufu ya kupendeza. Kisarufi ni sentensi nzuri. Kiambishi hu- cha mazoea kinafanya ahadi isiyo na wakati: haikusemwa jana, haitakwisha kesho. Viambishi vya kusababisha katika ng'arisha na lainisha vinaipa sabuni uwezo wa mtendaji. Na pale anapoongezwa kielezi cha tanakali, nguo ikawa "nyeupe pee", sikio linaridhika hata kabla ya jicho kuhakiki. Katika jambo hili watunzi wa matangazo wamekitumia Kiswahili kwa ustadi kuliko waandishi wengi wa vitabu vya kiada, na tuwape haki yao.

Kasoro iko kwa mtendaji. Katika sentensi zote hizo nani anafua? Sabuni. Nani anasuuza, anakamua, anaanika, anachota ndoo nyingine? Hakuna. Kiima ni pakiti, yambwa ni nguo, na mtu ameondolewa katikati. Akitajwa, anatajwa kwa wito tu: "Mama!" Nalo neno mama, ambalo kwa adabu zetu ni heshima kwa kila mwanamke mzima, katika tangazo limepunguzwa likawa jina la anayefua.

Wala si kweli kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kiswahili chenyewe kinatunza ushahidi. Neno dobi, lililotoka katika Kihindi, katika miji yetu lilimtaja kwa kawaida mwanamume aliyefua nguo za watu kwa malipo. Katika nyumba za wakoloni waliofua mara nyingi walikuwa vijana wa kiume. Kazi hiyo haikuwa na jinsia moja. Matangazo ndiyo yaliyoipa sauti ya kike na sura ya tabasamu. Tunapowafundisha wanafunzi kuhusu lugha na jinsia, mfano huu una faida kwa sababu ushahidi wa kuupinga umo ndani ya kamusi.

Sabuni ya Lumbadzi

Dzaleka ilikuwa gereza la wapinzani wa serikali wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Katika miaka ya 2020 idadi imepita 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na hivyo watu waliokuwa na maduka Lilongwe na kwingineko wakalazimika kuyaacha.

Katika mazingira hayo kitu kimoja kinaitwa kwa majina mengi. Mkongo husema sabuni, na akichanganya Kifaransa husema savon. Mnyarwanda ana isabune. Mchewa ana sopo. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo mtu wa Nairobi huiita Jik, Mkongo huiita javeli. Jina javeli halikutoka kwa kiwanda bali kwa kijiji cha Javel, ambacho siku hizi kimo ndani ya jiji la Paris, ambako mkemia Claude Berthollet alishughulikia maji hayo katika miaka ya 1780. Kufua kwenyewe kwa Mkongo wa mashariki aghalabu ni kufula. Na kwenye rafu za maduka ya Malawi pakiti zina majina mengine, kama Surf, au Boom ya Trade Kings kutoka Zambia. Mswahili wa Dzaleka hujifunza majina hayo upya kama anavyojifunza majina ya vituo vya basi.

Lakini kuna sabuni nyingine ambayo mkimbizi huijua vizuri: ile isiyo na jina. Katika viwango vya Sphere, vinavyoongoza misaada ya kibinadamu, sabuni hutajwa kwa uzito: gramu 250 za kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mtu mmoja kwa mwezi. Hakuna jua, hakuna ushindi, hakuna mama anayetabasamu. Kwa namna fulani msaada huirudisha sabuni katika hali yake ya kabla ya mwaka 1884, ilipokuwa kitu cha mizani. Kipimo hicho kina adili yake, maana kinasema wazi kwamba usafi ni haki ya kila mtu na si zawadi kwa aliyechagua chapa bora. Pamoja na hayo, mtu anayepokea gramu tu amenyimwa jambo moja dogo ambalo mnunuzi analo, nalo ni kuchagua.

Labda ndiyo sababu wakimbizi wanaotengeneza sabuni hawaiachi bila jina. Katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, Mrundi mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa kemia alianzisha kiwanda kidogo cha sabuni, na mwaka 2020, wakati wa korona, habari zake zilienezwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kwa sababu alipunguza bei na kufunga vipimo vidogo ili kila mtu amudu. Jina la biashara yake, Glap, limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba Mungu anawapenda watu wote. Mpenzi wa Kiswahili angetamani jina la lugha yetu. Hata hivyo, ndani ya jina hilo kuna watu.

Lebo yenye nusu mbili

Tunafika mahali ambapo uhakiki huu unagusa uhai wa mtu. Kila lebo ya dawa ya usafi ina nusu mbili. Nusu ya mbele ni ahadi: weupe, harufu, nguvu. Nusu ya nyuma ni onyo: usichanganye, usimeze, weka mbali na watoto, ikiingia machoni osha kwa maji mengi. Ya kwanza huandikwa kwa herufi kubwa na husomwa na redio kwa ajili ya wasiojua kusoma. Ya pili huandikwa kwa herufi za ukubwa wa chawa, na redio haiisomi.

Hili si suala la umbo tu. Javeli ikichanganywa na kitu chenye asidi, kama siki au baadhi ya dawa za kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini. Ikichanganywa na kitu chenye amonia hutoa gesi nyingine za sumu. Katika choo kidogo au chumba kisicho na dirisha, mtu anaweza kuumia mapafu kwa kudhani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Na nani aliyemfundisha dhana hiyo? Ni nusu ya mbele ya lebo, iliyomwimbia nguvu, nguvu, nguvu.

Bidhaa zinazotengenezewa soko la Malawi huandikwa Kiingereza, na pengine Chichewa. Ni haki yake. Hiyo ni nchi ya Wamalawi. Lakini mwanamke aliyesoma kwa Kifaransa huko Uvira, anayezungumza Kiswahili nyumbani na anayejifunza Chichewa sokoni, anaibeba chupa hiyo hadi chumbani kwake bila kuielewa nusu iliyo muhimu zaidi. Jina amelielewa, maana majina hayahitaji tafsiri. Ndiyo hila ya chapa: inavuka mipaka ya lugha bila pasipoti, wakati onyo linazuiliwa mpakani.

Wala tusidhani kwamba Afrika Mashariki tumesalimika. Hata pale Kiswahili kinapoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi ahadi imetungwa na onyo limetafsiriwa. Ahadi ina mdundo, ina tanakali, ina Kiswahili cha watu. Onyo linasomeka kama karatasi ya ofisi: "epusha mgusano na macho" badala ya "isiingie machoni". Mtunzi mmoja alilipwa apendeze. Mwingine aliambiwa atimize sheria. Tofauti hiyo ya mtindo inatuambia nani alithaminiwa: mnunuzi kabla hajatoa pesa, au mtumiaji baada ya kuzitoa.

Hitimisho

Tumeona kwamba lugha ya chapa za sabuni ilianza kwa kumficha mkata michikichi, ikaendelea kwa kumficha anayefua, na hadi leo inalificha onyo. Tumeona vilevile kwamba wasemaji hawakukaa kimya: walimfukuza bundi, wakalifanya jina la kiwanda kuwa nomino ya kila mtu, na wengine wakatunga majina yao.

Basi walimu wenzangu, darasa la tafsiri na darasa la isimujamii halihitaji kungoja vitabu kutoka ng'ambo. Mwanafunzi alete pakiti tupu kutoka nyumbani. Achunguze kiima cha kila sentensi na kuuliza mtendaji ameenda wapi. Aorodheshe majina ya kitu hicho katika lugha za darasani, awe anatoka Kigoma, Goma, Gitega au Lilongwe. Kisha aandike upya nusu ya nyuma ya lebo kwa Kiswahili ambacho mama wa Dzaleka angekielewa akisomewa mara moja, kwa ufundi uleule uliotumika kuisifu nusu ya mbele. Kazi bora zikiandikwa kwa mkono kwenye karatasi na kubandikwa dukani, kliniki au kwenye bomba la maji, idara yetu itakuwa imefanya jambo ambalo viwanda, kwa pesa zao zote, hawajalifanya.

Chema huenda kikajiuza. Onyo halijiuzi, ni lazima mtu alitembeze.